Xbox ishushe bei ipigane, au imwachie PlayStation uwanja? Na mwenye chumba cha gemu Mombasa anunue nini?

MwanaTudor:

Assalam alaykum wakubwa. Naomba tulichambue suala hili kwa hesabu, ushabiki tuuweke kando kwanza.

Xbox Series X ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na ndogo yake Series S kwa dola 299. Mei 2025 Microsoft, kampuni yenye Xbox, ilipandisha bei kule Marekani, Oktoba ikapandisha tena, na Series X yenye sehemu ya diski ikafika dola 649, na Series S ya chini kabisa dola 399. Mashine ina miaka mitano na ni ghali kuliko siku ilipoingia sokoni! Oktoba hiyo hiyo usajili wake wa gemu, Game Pass Ultimate, ukaruka kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Mapato ya mashine zenyewe yaliporomoka kwa asilimia 29 katika robo ya Julai hadi Septemba 2025. Huku nyuma gemu zilizokuwa fahari yake zinahamia kwa mpinzani: Forza Horizon 5 iliingia PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti, na Halo nayo ikatangazwa Oktoba.

Nina maswali mawili. Kwanza, kampuni yenye pesa kama Microsoft kwa nini isishushe bei mpaka Sony, mwenye PlayStation, atoke jasho, hata kwa hasara ya miaka miwili mitatu, ilimradi wateja warudi? Pili, mtu anayepanga kufungua chumba cha gemu Kisauni au Likoni, mashine nne za kuanzia, vita hivi vina maana yoyote kwake? Maana kila kibanda ukipita ni PS tupu.

HesabuKwanza:

Wa alaykum salaam. Swali la kwanza lina jibu refu, vumilia.

Muuza friji hupata faida yake pale pale dukani. Mwenye konsoli, yaani mashine ya gemu, hukubali kuiuza kwa hasara ili aje ale kwenye gemu. Oktoba 2022 Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, alisema hadharani kwamba kila mashine wanaitia ruzuku ya dola 100 hadi 200. Tuchukue 150. Gemu mpya ya kampuni nyingine ikiuzwa dola 70 kwenye duka la mtandaoni la konsoli, mwenye konsoli hukata asilimia 30, yaani dola 21. Gawanya 150 kwa 21: mteja lazima anunue gemu saba kwa bei kamili, na aanze ya nane, ndipo hasara ya mashine iishe. Sasa ongeza punguzo jingine la dola 150 kama unavyopendekeza. Atahitaji gemu 14 au 15. Wanunuzi wengi hawafiki huko katika maisha yote ya mashine, hasa wale wanaocheza mpira na Call of Duty tu.

Zamani hesabu hiyo iliokolewa na jambo moja: gharama ya kutengeneza mashine ilishuka kila mwaka. PS2 iliingia Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mei 2002 ikawa 199, Mei 2004 ikawa 149, na mwaka 2009 ikafika 99. Haikuwa huruma ya Sony. Chipu kuu mbili, ya hesabu na ya picha, zilipunguzwa ukubwa hadi zikaunganishwa kuwa chipu moja, na ubao, feni na sanduku vikapungua pamoja nazo. PS3 ni mfano mkali zaidi: mwaka 2006 kampuni ya utafiti iSuppli iliifungua ikakadiria kwamba ile ya GB 20 inagharimu takriban dola 805 kuitengeneza na ile ya GB 60 dola 840, na zilikuwa zinauzwa 499 na 599. Hasara ya zaidi ya dola 300 kwa ile ndogo! Lakini chipu yake kuu, Cell, ilishuka kutoka nanomita 90 (kipimo cha udogo wa vijisehemu vya chipu) hadi 65, kisha 45, na mwaka 2009 PS3 nyembamba ikauzwa 299.

Ngazi hiyo imekatika. PS5 ilihama kutoka nanomita 7 hadi 6 mwaka 2022 na bado bei yake imepanda, kwa sababu kila kizazi kipya cha chipu sasa kinagharimu zaidi kiwandani badala ya kupunguza. Juu yake, tangu mwisho wa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei kwa kuwa vituo vya akili bandia vinazinunua kwa wingi. Anayeuza kwa hasara leo hana mahali pa kuitegemea ipungue kesho. Hii ndiyo sababu kubwa ya zile bei ulizotaja, na wala si Xbox peke yake: PS5 nayo iliongezwa dola 50 Marekani Agosti 2025.

Microsoft walishaungua na jambo hili mwanzoni kabisa. Xbox ya kwanza, ya 2001, ilikuwa na diski kuu ya GB 8 ndani. Diski kuu ina mota, sahani na vichwa vya kusomea. Hata uifanye ndogo namna gani, kuna bei haishuki chini yake. Na chipu ya picha ilikuwa mali ya Nvidia, kwa hiyo Microsoft hawakuweza kuipeleka kiwanda kingine wala kuipunguza watakavyo, hadi wakafikishana kwa msuluhishi mwaka 2002. Sony akishusha bei ya PS2 nao wanalazimika kumfuata, ila yeye gharama yake imeshuka na wao ya kwao iko pale pale. Ndiyo maana kwenye Xbox 360 walihakikisha miundo ya chipu ni yao wenyewe.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi. Diski iliyotumika, inayozunguka kutoka Mwembe Tayari hadi Mtwapa kwa mikono sita, haimletei mwenye konsoli hata senti. Mashine ya ruzuku ikiingia kwenye soko la diski za mkono wa pili ni hasara isiyorudi. Usitarajie kampuni yoyote itapigania bei kwa ajili ya mji kama wetu kwa mtindo huo.

FundiUbao_Makupa:

HesabuKwanza kamaliza upande wa pesa. Mimi niongeze upande wa ubao, maana Xbox kupigana kwa nguvu zote tuliwahi kuona, na matokeo yake bado yanaletwa mezani kwa mafundi.

Xbox 360 ilitolewa Novemba 2005 ili iitangulie PS3 kwa mwaka mzima. Ikawatangulia kweli. Julai 2007 Microsoft ikatangaza kuongeza dhamana hadi miaka mitatu kwa mashine zilizoharibika na kuwaka taa tatu nyekundu, na kutenga kati ya dola bilioni 1.05 na 1.15 kwa ajili hiyo. Hiyo ndiyo bei ya kufanya haraka.

Kilichokuwa kinaharibika: chipu ya picha ilipashwa moto sana, mashine ikizimwa inapoa, ikiwashwa inapanda tena. Kila mzunguko wa joto na baridi, silikoni na kibao chake hutanuka kwa viwango tofauti. Vitone vya lehemu vilivyo ndani ya chipu yenyewe, kati ya silikoni na kile kibao, vikapata nyufa. Wengi walidhani ni lehemu ya chini, ile inayoshikilia chipu kwenye ubao mama, kwa hiyo ikaanza tabia ya kupuliza kwa bunduki ya joto au kubadilisha vibano vya nyuma kwa skrubu. Mashine inawaka wiki mbili, inarudi palepale. Joto lile huunganisha ufa kwa muda tu, haliponyi kitu. Fundi akikwambia "nitaichoma itapona", mwambie ahsante na uondoke.

Dawa ya kweli ilikuwa kupunguza joto kwenye chanzo. Ubao wa kwanza, Xenon, ulikuwa na chipu zote mbili za nanomita 90. Falcon, 2007, ulishusha chipu ya hesabu hadi 65. Jasper, 2008, ukashusha na ya picha. Ile nyembamba ya 2010 iliweka zote mbili kwenye chipu moja ya nanomita 45, na ugonjwa ukaisha. Anayetafuta 360 ya bei ya chini kwa watoto, asome kibandiko cha nyuma karibu na tundu la umeme: 16.5A ni ya zamani, iache dukani, 14.2A ni Falcon, ina nafuu, 12.1A ni Jasper, chukua. Na aangalie lile tofali la umeme, yaani adapta yake. Likiwa limeandikwa 100-127V ni la Marekani, ukilichomeka kwenye 240 yetu linakufa papo hapo. Tafuta la 220-240V lenye plagi inayoingia kwenye mashine hiyo hiyo, kwa sababu umbo la plagi hubadilika kutoka ubao hadi ubao.

Kwa hiyo ukisema wapigane kwa nguvu zaidi, uliza kwanza nguvu hiyo inaelekezwa wapi. Ikielekezwa kwenye tarehe ya kutoka, hulipwa na ubao.

MwanaTudor:

Shukrani sana, ami. Ila mbona Nintendo walishusha bei ya 3DS, ile mashine yao ya mkononi, kwa kishindo na ikawainua? Hiyo haiwi ushahidi kwamba bei hufanya kazi?

BintiKibokoni:

Ni ushahidi, lakini soma na kurasa zinazofuata.

3DS ilitoka Japani Februari 2011 kwa yeni 25,000, na Marekani mwezi uliofuata kwa dola 249. Agosti hiyo hiyo ikashushwa hadi yeni 15,000 na dola 169. Satoru Iwata, rais wa kampuni, akajikata nusu ya mshahara, na waliokuwa wamenunua mapema wakapewa gemu 20 za zamani bure ili wasijione wamedhulumiwa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 Nintendo wakaandika hasara ya yeni bilioni 43.2. Baada ya bei kushuka, kabla mwaka haujaisha, wakatoa Super Mario 3D Land na Mario Kart 7. Mashine ikaishia karibu milioni 76.

Sasa linganisha na Wii U, mashine yao ya sebuleni. Septemba 2013 walishusha ile kubwa kutoka dola 349 hadi 299. Haikusogea. Ikafa na milioni 13.56. Kampuni ileile, mbinu ileile. Tofauti ni kwamba 3DS bei ilipopungua gemu zilikuwa njiani na watu walijua mashine ni ya nini, wakati Wii U wengi walidhani ni padi mpya ya Wii ya zamani. Bei huondoa kizuizi cha mtu ambaye tayari anaitaka mashine. Asiyeitaka haimvuti.

Kisha kuna Sega, na huyu ndiye anayefanana zaidi na unachopendekeza. Dreamcast iliingia Marekani 9 Septemba 1999 kwa dola 199, dola 100 chini ya bei ambayo PS2 ilikuja nayo mwaka uliofuata. Wakashusha tena hadi 149, mwisho 99. Mashine ilikuwa nzuri, gemu zilikuwepo, na ilikuwa na modemu ndani wakati wengine hawajafikiria. Januari 2001 Sega wakatangaza kuacha kutengeneza, na jumla iliyouzwa ikaishia milioni 9.13. Isao Okawa, mwenyekiti wao, alitoa mali yake mwenyewe kuiokoa kampuni isifilisike.

Sababu zilikuwa kadhaa. EA, watengenezaji wakubwa wa gemu za michezo, hawakuleta hata moja. PS2 ilikuwa inacheza filamu za DVD, kwa hiyo baba mwenye nyumba alipata sababu yake ya kuinunua. Na kuna hili linaloingia moja kwa moja kwenye hesabu ya HesabuKwanza: Dreamcast ilikubali aina ya CD za muziki zenye programu ndani yake, MIL-CD, na mwaka 2000 wezi wakaligundua pengo hilo. Gemu ikanakiliwa kwenye CD ya kawaida na kuchezwa bila kufungua mashine wala kuweka chipu. Mashine ya hasara, na gemu zisizolipiwa. Kila konsoli iliyouzwa kwa mtu wa aina hiyo ilizidisha shimo.

Microsoft hawana njaa ya Sega, nakubali. Lakini kuwa na pesa hakubadilishi hesabu, kunarefusha tu muda wa kuipoteza.

RimotiMbili_Kisauni:

Nijibu swali la pili, la chumba cha gemu, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza mtaji.

Kwa sasa mpinzani wa PS5 na Xbox hapa Mombasa ni PS4. FC 26, gemu ya mpira ya EA, imetoka kwa PS4. eFootball ni ya bure na ipo kwa PS4. Mteja anayelipa kwa mechi anataka mpira, na kwa mpira PS4 inatosha. Mashine nne za PS4 na televisheni nne za inchi 32 hadi 43 ndizo mwanzo wenye akili. PS5 weka moja, baadaye, kwa wanaotaka kuonja picha nzuri, na itoze bei yake.

Series S inavutia kwa sababu ni ndogo na haili stima. Ikicheza hutumia wati 75 hivi, PS5 hukaribia 200. Kwa saa kumi kwa siku hiyo ni uniti 0.75 dhidi ya 2. Siku 26 za mwezi: uniti 19.5 dhidi ya 52, kwa mashine moja, kabla ya televisheni. Kwa mashine nne utaiona tofauti kwenye tokeni.

Tatizo lake ni kwamba haina sehemu ya diski. Diski ya FC ya msimu uliopita utaipata kwa bei ya kutupa mjini, na ukimaliza unaibadilisha. Kwa Series S kila gemu ni ya kununua mtandaoni na kupakua. Gemu ya GB 50 kwa laini ya Mbps 10 ni saa 11 kama hakuna anayeigusa laini hiyo. Kwa Mbps 40 ni chini ya saa tatu. Nafasi ya ndani inayotumika ni GB 364 tu kati ya 512, kwa hiyo gemu nne tano kubwa na imejaa.

Kuhusu akaunti, Kenya haimo kwenye nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo watu hufungua akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Chagua moja na ubaki nayo. Kadi ya zawadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Na nyongeza za gemu kwenye PS lazima ziwe za eneo moja na diski: diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani hazitaelewana, utalipia nyongeza na haitaonekana. Diski nyingi zinazofika hapa kupitia Dubai au Uingereza ni za Ulaya, basi akaunti ya Uingereza hupunguza usumbufu.

Weka kila mashine kuwa ya nyumbani kwa akaunti yake kabla ya kufungua mlango. Kwa PS4 inaitwa kuiwasha kama PS4 yako ya msingi, kwa PS5 ni kushiriki konsoli na kucheza bila mtandao, kwa Xbox ni "My home Xbox". Usipofanya hivyo, siku intaneti imekatika gemu ulizonunua mtandaoni zitakataa kufunguka na wateja wamekaa.

Pia hewa yetu ina chumvi. Mashine isikae dirishani upande wa bahari, wala karibu na mlango wa vumbi la barabara. Acha sentimita 10 hadi 15 kila upande wa feni. Na usichomeke moja kwa moja ukutani: weka kinga ya umeme inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha stima. Kinachoua ni ule mruko wa umeme pale stima inaporudi.

HesabuKwanza:

Nimrudie BintiKibokoni kwa jambo moja. Watu wanasema Xbox imejichinja kwa kupeleka gemu zake PS5. Mimi naona hawakuwa na njia. Walinunua kampuni ya gemu ya ZeniMax kwa dola bilioni 7.5, kisha Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa bilioni 68.7, ununuzi uliokamilika Oktoba 2023. Pesa ya namna hiyo hairudi kwa kuuzia wenye Xbox peke yao, ambao ni wachache kuliko wa PS5. Call of Duty ikifungiwa kwa Xbox inapoteza sehemu kubwa ya wanunuzi wake, na isitoshe Julai 2023 walitia saini na Sony kwamba itabaki PlayStation. Ukishanunua duka kubwa la gemu, unageuka muuzaji wa gemu, upende usipende.

BintiKibokoni:

Hapo tutatofautiana, ndugu yangu. Call of Duty sawa, haiwezi kufungiwa. Halo haikuwa na ulazima huo. Halo ndiyo iliyouza Xbox ya kwanza, na gharama ya kuiweka kwa Xbox na kompyuta pekee haikuwa kubwa ukilinganisha na bilioni 68.7. Mtu aliyekuwa na dola 550 mkononi mwishoni mwa 2025, PS5 ilimpa gemu za Sony pamoja na za Microsoft. Xbox ya 649 ilimpa za Microsoft tu. Niambie muuza duka wa Digo Road angemshawishi kwa maneno gani.

Kama wataka kujua ushindani wa nguvu ungeonekanaje bila kuchoma pesa, yapo waliyoyaanza wakayaacha njiani. Series X inasoma diski za Xbox ya 2001, za 360 na za Xbox One kwa mamia ya gemu. Sony hana kitu hicho. PS5 inaishia PS4. Novemba 2021 waliongeza gemu za mwisho kwenye orodha hiyo, 76, wakasimama. Na mwaka 2013 walipotangaza Xbox One itakayolazimika kuingia mtandaoni kujithibitisha kila saa 24 na kubana diski zilizotumika, walilazimika kufuta mpango mwezi huo huo kwa hasira za watu, lakini Sony walikuwa wameshaichukua sifa ya kuwa mashine ya diski za kupeana. PS4 ikauzwa dola 399, Xbox One 499 na kamera ya Kinect kwa lazima. Walipoitoa Kinect Juni 2014 bei zikalingana, na wateja walikuwa wameshaondoka. Kwa vibanda vyetu hilo la diski lilikuwa na uzito kuliko nguvu ya chipu.

La pili ni Series S yenyewe. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ulibana mahali pabaya. Kumbukumbu ni GB 10 dhidi ya 16 za Series X, na GB 2 kati ya hizo 10 ni za mwendo wa polepole. Chipu ndogo ya picha huzibwa kwa kupunguza ubora wa picha. Kumbukumbu ikikosekana hakuna la kupunguza. Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox hadi Desemba 2023 kwa sababu kucheza wawili kwa skrini iliyogawanywa kulishindikana kwenye S, na Microsoft ilibidi iwaruhusu waitoe bila sehemu hiyo. Kuokoa dola chache za kumbukumbu kuliwagharimu gemu kubwa ya mwaka ule kwa miezi.

La tatu ndilo la kwetu. HesabuKwanza amesema diski za mkono wa pili hazimlipi mwenye konsoli, na ni kweli. Basi fungua duka. Weka Kenya kwenye orodha, bei kwa shilingi, malipo kwa M-Pesa. Sasa hivi mtu wa Bamburi mwenye pesa halali anazunguka kutafuta kadi ya zawadi ya nchi nyingine, na kadi ya M-Pesa ya mtandaoni mara nyingi hukataliwa kwa kuwa nchi ya kadi na ya akaunti hazilingani. Huo ni mteja aliyesimama mlangoni na pesa. Hakuna ruzuku ya mashine inayohitajika hapo, na Sony hayupo. Mimi ningeanzia huko kabla ya kugusa bei ya Marekani hata kwa dola moja.

MwanaTudor:

Nimeelewa. Nikichukua PS4 nne zilizotumika basi, nizikague vipi dukani kabla ya kulipa?

FundiUbao_Makupa:

Nenda na kebo yako ya HDMI, diski unayojua ni nzima, na simu yenye data.

Chomeka HDMI, kisha itikise kebo polepole upande kwa upande. Picha ikikatika, tundu limelegea au pini imeinama. Hilo hubadilishwa, lakini punguza bei yake. Weka diski, icheze dakika 20 nzima, usikubali kuoneshwa menyu tu. Feni ikianza kuvuma ndani ya dakika tano, vumbi limejaa au pasta ya joto imekauka. Vyote vinatibika kwa gharama ndogo. Ikizima yenyewe katikati ya gemu, iache.

Ingia mipangilio uangalie toleo la mfumo. Likiwa chini ya 9.00, lisasishe mbele ya muuzaji. Ndani kuna betri ya CR2032 inayoshika saa, na kwa matoleo ya kabla ya hapo betri ikifa mashine ikiwa nje ya mtandao gemu zinaweza kukataa kufunguka. Toleo la 9.00 la Septemba 2021 liliondoa tatizo hilo. Kisha washa data kwenye simu, unganisha mashine na uingie kwa akaunti yako. Mashine iliyofungiwa na Sony haitaingia, hata ibadilishwe akaunti mara ngapi.

Padi zote nne zijaribu kwenye menyu bila kuzigusa. Kishale kikitembea chenyewe, kijiti kimechakaa. Kukibadilisha ni kutoa miguu 14 ya lehemu kwa kila kijiti, kwa hiyo fundi asiye na pampu ya kunyonyea lehemu atang'oa njia za ubao. Ukibadilisha, weka vile vya sumaku, havisuguani ndani. Kwa chumba cha kulipisha, panga padi mbili za akiba kwa kila mashine mbili, na uache mtaji wa diski kuu: nyingi zina ile ya kuzunguka ya inchi 2.5. Ikianza kugugumia kwenye kupakia, ingiza SSD (diski kuu isiyozunguka) ya aina ya SATA, ya GB 480 au zaidi, upakue mfumo kamili kwenye flashi ya USB, uwashe kwa hali ya usalama (Safe Mode) na kuusimika upya.